Cheti cha Joto

Wasomaji wenye haraka watasema nchi hii wanaijua. Hawaijui. Nchi yenyewe iko mbali; jua lake huchomoza likiwa tayari limenuna, na saa sita mchana hata kuku huvuka njia kwa kunyata, wasije wakaungua nyayo. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila anapokuja mfadhili mpya. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya watu wapole, yenye serikali iliyowapenda mno. Na yeyote aliyewahi kukumbatiwa na mtu mnene anajua kwamba mapenzi yakizidi hukata pumzi.

Katika mtaa wa Kokotoni wa nchi hiyo aliishi Mwanamvua, muuza maandazi, pamoja na mumewe Mbaruku, fundi mwashi. Binti yao Hidaya alishaolewa mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili wakitaniana. Ndoa yao ilikuwa ya namna hiyo: siku Mwanamvua asipomkejeli mumewe, mume alimuuliza kama anaumwa. Nyumba yao Mbaruku aliijenga kwa mikono yake, tofali leo, tofali baada ya mvua, mpaka majirani wakasema mwashi huyu hajengi nyumba, anaiotesha. Juu ya kila dirisha alipanga matofali ya matundu, ili upepo wa kutoka bondeni uingie huku utokee kule. Jioni Mwanamvua alikaa chini ya matundu hayo akikanda unga, na jasho lake likakauka kabla halijafika kidevuni.

Huo ndio uliokuwa uhalifu wao, ila walikuwa hawajaambiwa bado.

*

Wageni walikuja kutoka nchi ya theluji. Kwao maji ya mto husimama yakawa mawe, na mtu akitema mate hufika chini yakiwa kete. Walikuja na zawadi: kitabu kinene cha kanuni za ujenzi, chenye jalada zuri. Kitabu kilieleza kwamba nishati ya dunia inapotea kwa sababu nyumba zinavuja joto. Nyumba ya kisasa ni ile ambayo joto likishaingia halitoki tena. Kwa nchi ya theluji, hakuna aliyeweza kukitia kitabu hicho kasoro hata moja.

Bunge lilikipitisha asubuhi, kabla ya chai. Mbunge mmoja tu wa viti vya nyuma, mtu asiyejua kusoma upepo, alisimama.

"Mheshimiwa Spika, wenzetu joto wanalitafuta. Sisi tunalikimbia. Sasa hizi kanuni, tukizichukua hivihivi zilivyo..."

Waziri wa Majengo, Nishati na Ustadi wa Wafanyakazi, Mheshimiwa Kasimbazi, aliinuka taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, mheshimiwa mwenzangu amesema ukweli bila kujua. Wenzetu walianza na baridi wakafika pale walipo. Sisi tunaanza na joto tayari! Tuna akiba ambayo wao hawajapata kuiota. Nani atatushinda?"

Wabunge walipiga meza mpaka viyoyozi vikatikisika. Kurekebisha hata mstari mmoja kungekuwa utovu wa adabu kwa aliyeleta zawadi, kwa hiyo hakuna kilichorekebishwa, isipokuwa picha ya bomba la moshi juu ya paa. Hiyo waliifuta, kwa sababu bomba lina tundu, na tundu linavujisha.

Sheria ikashuka mtaani. Madirisha yazibwe. Matofali ya matundu ni marufuku. Nyumba iwe na mlango mmoja, maana mlango wa pili ni uvujaji. Mkaguzi atapita na vipimajoto viwili, kimoja atakiacha nje, kingine ataingia nacho. Ndani kukiwa na joto kuliko nje, nyumba imefaulu na itapewa cheti. Kukilingana au kukipungua, itapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na X ile, kila raia alijua, ni mwaliko wa tingatinga.

Mkaguzi wa Kokotoni alikuwa Ludovick, kijana mstaarabu aliyelelewa vizuri na mama yake. Alibisha hodi, akavua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaingia, akatazama kipimajoto, akatoka akatazama kingine. Ndani ya nyumba ya Mbaruku kulikuwa na ubaridi wa kupendeza. Ludovick alisimama kidogo chini ya matundu, akafumba macho, upepo ukampiga shingoni. Kisha akatoka akachora X ukutani, akiinamisha brashi kwa uangalifu ili rangi isichuruzikie kwenye maua ya Mwanamvua.

"Samahani sana, mama. Nyumba yako ina hewa."

*

Sheria ilikuwa na mkia. Kwa kuwa mafundi wa nchi hiyo walikuwa wamezoea kujenga nyumba zenye hewa, iliamriwa kwamba ufundi wao wote umefutwa, na kila mwashi arudi darasani katika Chuo cha Ustadi wa Kubana Joto. Mwenye cheti atajenga. Asiye na cheti akionekana na mwiko mkononi ahesabiwe amebeba silaha.

Mwanamvua alijiandaa kumtuliza mume. Alijua mwanaume aliyejenga nusu ya mji, akiambiwa hajui kujenga, atavunja sahani. Mbaruku hakuvunja kitu. Alipokea habari akatabasamu kama bwana harusi.

"Mama Hidaya, mimi nimejenga madarasa hapa mjini mpaka nimechoka. Unajua nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya hata moja likishapata paa? Likishaezekwa tu, naambiwa kusanya vyombo vyako utoke, watoto wanaingia."

"Kwa hiyo sasa unaingia na watoto?"

"Naingia."

"Nikufungie maandazi ya mapumziko?"

"Funga mengi. Wakubwa wasije wakaninyang'anya."

Alicheka, na Mwanamvua akacheka, lakini asubuhi alipomwona anachana nywele mbele ya kioo, jambo alilokuwa hajalifanya tangu siku ya kuposa, alijifanya anatafuta chumvi ili amgeuzie mgongo.

Mbaruku alipenda kila kitu cha chuoni. Alipenda dawati. Alipenda kunyoosha kidole. Somo gumu kuliko yote lilikuwa Kuondoa Theluji Juu ya Paa, na kwa kuwa theluji haikupatikana, Wizara ilinunua magunia ya sembe. Kila asubuhi sembe ilimwagwa juu ya paa la mazoezi, mafundi wakapanda na makoleo, wakaikwangua kwa nidhamu ikaanguka upande wa pili wa ukuta. Huko nyuma ya ukuta akina mama walipanga mstari na nyungo zao, kimya kabisa, wasije wakavuruga masomo. Ripoti ya Wizara ilisifu usafi wa chuo: theluji yote huyeyuka kabla ya saa nne.

Siku ya mahafali Mbaruku alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Alipewa cheti chenye fremu, na kwa kuwa ndivyo mafundi wa nchi ya theluji wanavyovaa, alipewa pia kofia nene ya sufu yenye kishada utosini. Alirudi nayo kichwani, jua likiwa katikati ya anga, jasho likimtiririka mpaka kolani.

Jirani yao Bi Kalunde alikuwa barazani. Ni lazima ielezwe hapa kwamba Kalunde alikuwa mtu wa mlimani, na Mwanamvua na mumewe watu wa bondeni. Zamani za mababu watu wa mlimani na watu wa bondeni walipigana vita virefu, wakachoka siku moja, na badala ya kuandika mkataba wakakubaliana kutaniana. Tangu hapo mtu wa mlimani anaweza kumwambia wa bondeni neno lolote, popote, hata msibani, tena hasa msibani, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa.

"Mtani!" alipiga kelele Kalunde. "Mumeo kafanywa nini? Kaatamiwa?"

"Kahitimu huyo," alijibu Mwanamvua. "Usimguse, bado kifaranga hakijatoka."

"Mcheke tu," alisema Mbaruku, akipangusa macho kwa kishada. "Wivu wa watu wasio na vyeti."

*

Akaiziba nyumba yake mwenyewe, kwa kufuata kitabu. Matundu aliyatia saruji moja moja. Madirisha aliyajaza sponji ya magodoro na kuyapigilia mbao. Mlango wa uani aliuziba kwa tofali. Mwanamvua alihamishia unga wake nje, akakandia chini ya ukingo wa paa, na usiku walilala wameachana mbali kama watu waliogombana, maana mguso wa binadamu mwenzako ulikuwa kama kuwekewa pasi.

Lakini jua la nchi hiyo lilikuwa kaidi. Kadiri watu walivyozidi kupasha joto ndani, nalo lilizidi kupasha nje, na kila Ludovick alipopima, vipimajoto vyake vililingana kama mapacha. X zikaanza kuota kila ukuta.

Hapo ndipo mtaa ulipotumia akili. Mwanamvua alikuwa na jiko kubwa la rimu ya gari, alilokaangia maandazi. Jirani mmoja aliyekaribia kukaguliwa aliliazima, akaliwasha sebuleni, na Ludovick alipobisha hodi mbele, jiko likapitishwa dirishani nyuma, sponji ikarudishwa. Nyumba ikafaulu. Basi jiko likawa linatembea mtaani hatua chache mbele ya mkaguzi: akiwa nyumba hii, lenyewe liko nyumba ijayo, linabebwa na wanawake wawili kwa vitambaa vya kushikia sufuria. Nchi iliyoapa kubana nishati ilikuwa haijapata kuchoma mkaa mwingi namna hiyo.

"Ajabu," alisema Ludovick siku moja, akinusa. "Nyumba zote za mtaa huu zinanukia maandazi."

"Ndio utamaduni wetu, mwanangu," alijibu mama mwenye nyumba.

"Utunzeni," alisema Ludovick, akagonga muhuri bila kumtazama usoni.

Mbaruku peke yake hakupendezwa. Yeye alikuwa na cheti ukutani. Kufaulu kwa jiko, alisema, ni kuibia mtihani. Lakini ikaja habari kutoka Wizarani. Mheshimiwa Waziri amechagua kuzindua kanuni mpya kwa taifa zima katika nyumba ya mhitimu wa kwanza wa Chuo. Atakuja mwenyewe, na televisheni, na kipimo kitafanyika hadharani. Nyumba ikifaulu, X itafutwa mbele ya wananchi. Isipofaulu, tingatinga limeshapangiwa kuegeshwa pembeni, ili wananchi waone kwamba serikali haina upendeleo.

Mbaruku alizunguka nyumba yake akigusagusa kuta. Jioni akaja kusimama karibu na mkewe.

"Mama Hidaya. Niazime jiko lako."

"Omba kwa adabu, mhitimu."

"Tafadhali."

Aliposikia ile tafadhali Mwanamvua alikosa mzaha wa kumjibia. Siku ya siku aliuchagua mkaa mwenyewe, kipande kwa kipande, ule mzito wa mkwaju usiotoa moshi, ili Waziri asije akanusa kitu.

*

Tatizo lilikuwa mlango. Nyumba ya mhitimu ilifuata kanuni zote. Haikuwa na dirisha la kutolea jiko wala mlango wa uani. Ikaamuliwa hivi: Mbaruku atakaa ndani na jiko, akiuchochea moto, nguo mbichi zimezungushwa mlangoni. Mwanamvua na Kalunde watakaa barabarani. Wakiuona msafara watapiga vigelegele, na hapo Mbaruku atalifunika jiko kwa pipa, atatandika kitambaa juu ya pipa na kuweka chombo cha maua.

Waziri aliahidi asubuhi. Jua likapanda, Waziri hakutokea. Ilikuja habari kwamba amesimama njiani kuzindua karavati. Utepe ulikuwapo, karavati lenyewe lilikuwa linasubiriwa.

Mwanamvua alisogea ukutani, akagonga.

"Baba Hidaya! Hali yako?"

"Nimeiva upande mmoja," sauti ilitoka ndani. "Nigeuze."

Kalunde alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mtani, mnyunyizie chumvi!"

Wakakaa tena. Watu wa televisheni walikuja wakasimika hema, na ndani ya hema wakapanga feni za Mheshimiwa, na jenereta la kuendeshea feni likaanza kunguruma. Mwanamvua alirudi ukutani.

"Baba Hidaya!"

"Nipo. Kichwa kinaniuma kidogo. Nadhani ni elimu, inatafuta pa kukaa."

"Fungua mlango kidogo upate hewa."

"Nikifungua tumepoteza joto la tangu asubuhi. Wewe unataka tingatinga?"

Tingatinga lilikuwa limeegeshwa pale ng'ambo, la manjano, limepambwa kwa maputo. Mwanamvua alilitazama. Hakufungua.

Mara ya tatu alipogonga, jibu lilichelewa.

"Mama Hidaya, niache nisinzie kidogo. Wakifika utaniamsha."

"Usingizi gani mchana huu, na moto?"

"Kidogo tu."

Sauti yake ilikuwa tamu, ya mtu aliyeshiba. Kalunde alimvuta kanga. "Mwache alale, mtani. Mwanaume tangu jana hajalala, kazi kupiga deki na kujitazama kwenye cheti."

Mwanamvua alimwacha.

Msafara ulipotokea alipiga vigelegele vya kupasua koo. Aliamini vimesikika. Waziri Kasimbazi alishuka, akaingizwa hemani kwenye feni, akapewa kipaza sauti. Ludovick aliweka kipimajoto kimoja kwenye kigogo cha nje, akausukuma mlango, akainama kwenye ule mvuke uliompiga usoni kama mtu anayefunua sufuria, akaingia. Hakukawia. Alitoka anakohoa, mkono juu, na mtu wa Wizara aliyesimama mlangoni akamnyang'anya kipimajoto, akakisoma kwa sauti kubwa.

Haijapata kutokea. Hakuna nyumba katika nchi nzima, wala katika nchi ya theluji yenyewe, iliyowahi kufikia joto lile. Hema lote lilisimama. Waziri alisema kwamba leo taifa limezaliwa upya, na bendi ikaanza kupiga, ndiyo sababu haikusikika vizuri Ludovick alipokuwa akisema, kwa mara ya pili na ya tatu, kwamba ndani kuna mtu na mtu huyo haamki.

Mwanamvua alipita katikati ya kamera. Mbaruku alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta alioupiga lipu mwenyewe, mkono mmoja juu ya pipa ambalo hakuwahi kulifunikia jiko. Jambo la kwanza alilofanya mkewe ni kumvua ile kofia. Nywele zilikuwa zimelowa, zimelala chini kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akazipuliza.

"Wamefika," alimwambia. "Amka. Wamefika."

*

Serikali ilisikitika kwa namna yake. Uchunguzi ulifanyika, ukabaini kwamba nyumba haikuwa na hitilafu yoyote. Marehemu ndiye aliyekuwa hajapata mafunzo ya kutosha ya kupumua. Chuo kikaagizwa kuongeza somo hilo katika muhula ujao.

Siku ya maziko Waziri alikuja mwenyewe, na kiti chake, na kijana wa kumshikia mwavuli. Watu wa bondeni walibeba jeneza. Njiani watu wa mlimani, kama ilivyo desturi, waliwazuia, wakadai ushuru wa kupitisha mtu mvivu anayetaka kubebwa, na wa bondeni wakabembeleza, na hapa na pale mtu akacheka huku anafuta machozi, kwa sababu ndivyo mababu walivyoona kwamba mzigo ule unabebeka. Waziri alikulia shule za mbali. Aliyatazama haya kwa makini sana.

Kaburi lilikuwa wazi. Kalunde akajitokeza, amejivika kofia ya sufu ya marehemu, ana vijiti viwili mkononi. Kimoja akakichomeka kwenye udongo wa nje. Na kingine akateremka nacho kaburini, akapotea, akaonekana kishada tu.

"Hodi humu!" sauti yake ilitoka chini. "Shikamoo! Mimi ni mkaguzi. Aah! Aah, jamani, hii ndiyo nyumba! Dirisha hamna. Tundu hamna. Mlango mmoja, tena ukifungwa umefungwa. Umeme hautumiki, kuni hazitumiki, mwenye nyumba hali wala hapiki. Mtani Mbaruku, ulihangaika bure na sponji! Ungeniambia mapema nikuonyeshe nyumba ya kisasa!"

Waombolezaji waliangua kicheko kikubwa chenye kilio ndani yake. Mwanamvua naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mabega yakamtikisika, na kicheko kilipomfika kooni kikageuka, akakaa chini mchangani na wanawake wakamshika.

Hapo Waziri alimgeukia msaidizi wake. "Huyu mtaalamu ni nani?"

Msaidizi alikuwa mtu wa bondeni. Alijua. Lakini alikuwa pia na watoto wanaosoma. "Ni mtaalamu wa jadi, Mheshimiwa."

Basi Mheshimiwa Kasimbazi alisimama, mwavuli ukasimama naye, akalishukuru jopo la wataalamu wa mlimani kwa tathmini yao ya kina. Alisema kwa muda mrefu Wizara imekuwa ikitafuta makazi nafuu yasiyotumia nishati kabisa, kumbe jibu limelala chini ya miguu yetu. Akatamka kwamba makazi haya mapya ya fundi Mbaruku yamepewa cheti cha daraja la juu, na yawe mfano wa kuigwa na kila raia mapema iwezekanavyo. Kibao cha cheti kikachomekwa kichwani pa kaburi, udongo ukiwa bado mbichi.

Hakuna aliyecheka sasa. Kalunde alitoka kaburini kwa kuvutwa mkono. Alivua ile kofia, akaigeuzageuza kama mtu asiyejua ameitoa wapi.

*

Kwa watu wa bondeni mlango wa nyumba ya msiba haufungwi. Mpaka matanga yaanuliwe unakaa wazi usiku na mchana, ili kila mwenye pole aingie bila kubisha, na ili roho ikikumbuka kitu ilichosahau irudi ikichukue. Mwanamvua aliufungua ukutani kabisa, akauwekea jiwe. Kisha akachukua mtaimbo wa mumewe, akabandua mbao za madirisha, akang'oa sponji. Wanawake waliokuwa wamekaa mikekani waligeuza nyuso kuelekea upepo, wote kwa pamoja.

Ludovick alikuja siku hiyohiyo. Alivua viatu mbali.

"Shikamoo, mama. Pole sana, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Alikaa na wanaume, akanywa chai ya msiba, akashindwa kuimaliza. Mwishowe alisogea mpaka karibu na mkeka wake, akachuchumaa.

"Mama, nyumba yako ndiyo ya kwanza nchini. Cheti chake ametia saini Waziri mwenyewe. Lakini mlango ukikaa wazi, cheti kinakufa. Wamenituma nikwambie... naomba ufunge mlango, mama. Ukiufunga hakuna atakayekugusa mpaka mwisho wa maisha yako."

Mwanamvua alimtazama kijana huyo. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, kama mtoto.

"Mwanangu, mle ndani nilimwita mara tatu. Ya tatu akaniambia nimwache asinzie, nikamwacha kwa sababu ya cheti hicho. Sasa leo labda anarudi kuchukua kitu chake. Unataka akute nimefunga tena?"

Ludovick alijipangusa jasho lile kwa kiganja.

"Rangi umekuja nayo?"

"Iko nje, mama."

"Basi kachore. Angalia tu maua."

*

Matanga yalipoanuliwa, tingatinga lilikuja, safari hii bila maputo. Dereva aliamkia vizuri, akaomba radhi, akawasaidia majirani kutoa kitanda na masufuria. Nyumba iliyooteshwa kwa miaka ilianguka katika muda wa mtu kunywa kikombe cha uji. Redio ilitangaza jioni kwamba mtaa wa Kokotoni haujapoteza joto lolote kutokana na nyumba hiyo, kwa kuwa nyumba hiyo haipo.

Hidaya alituma mtu wa kumchukua mama yake. Mwanamvua alisema ataondoka kesho, leo anapumzika. Alikuwa ameketi juu ya kipande cha ukuta katikati ya kifusi, mahali palipokuwa sebule, mgongo umenyooka, kanga ameifunga kifuani kama mtu anayengoja wageni.

Kalunde alikuja kupitia vumbi. Kwa desturi mtani wa msiba hana ruhusa ya kunyamaza mpaka mfiwa amlipe, na Mwanamvua hakuwa amemlipa. Alisimama mbele ya kifusi, akafungua mdomo. Alimtazama mwenzake, akatazama mawe, akafungua mdomo tena.

"Mtani," alisema hatimaye. "Leo sina. Nimetafuta kichwani kote, sina hata kimoja. Nisamehe."

Mwanamvua akasogea kidogo juu ya kile kipande cha ukuta, akaacha nafasi.

"Karibu ndani, mtani," alisema. "Pita, usisimame kizingitini. Na mlango ukaufunge, watu wenye vyeti tusipoteze joto letu."

Kalunde akageuka polepole pale penye mawe, palipokuwa mlango, akanyoosha mkono hewani, akaushika mlango, akaurudisha mpaka ukafika. Akasukuma komeo. Akaujaribu kwa bega, kuhakikisha umeshika. Ndipo akapita ndani, akaketi kando ya mwenzake.